Kinyozi Mwenye Blogu

Mume wangu ni kinyozi, na mdomo wake unafanya kazi kuliko mkasi wake. Hilo nililijua kabla hajanioa, kwa hiyo silalamiki. Saluni iko mbele, chumba chetu kiko nyuma, katikati kuna pazia, na cherehani yangu nimeiweka nyuma ya pazia hilohilo. Mnaodhani nimeiweka pale kufuata mwanga wa dirisha, endeleeni kudhani.

Blogu aliianzisha kwa ajili ya mdogo wake aliyehamia mbali, ambaye kila akipiga simu anauliza mtaani kuna nini. Mume wangu akachoka kumaliza vocha kwa umbea, akaanza kuandika. Mdogo mtu akawapa rafiki zake, rafiki zake wakawapa mama zao, na haukupita muda mtaa mzima ukawa unajisoma. Na ilisaidia, sitaki kuwa mchoyo wa sifa. Mtaro ulioziba mbele ya shule ulizibuliwa baada ya yeye kuuandika. Bibi wa nyumba ya kona alipoanguka bafuni, waliosoma asubuhi walikuwa mlangoni kwake mchana, mikono imejaa matunda. Kila aliyetoa maoni alijibiwa, hata kama kuna mteja kitini ana povu kidevuni.

Sasa, habari alizipata wapi? Kitini hapohapo. Mtu akishafungwa shuka shingoni na kuinamishwa kichwa, anatoa ya moyoni. Muuza nyama, mteja wa kila Jumamosi na rafiki wa mume wangu tangu wote wawili hawajaota ndevu, alitoa ya kwake siku moja. Alisema siku hizi nyama haimshuki kooni. Anaikata kutwa, anainusa kutwa, akifika nyumbani anataka maharage tu. Walicheka wote wawili, na mimi nyuma ya pazia nilicheka kimyakimya, uzi mdomoni.

Mume wangu akaiandika. Aliponisomea kabla ya kuituma, nilimuuliza kama amemwomba mwenyewe ruhusa. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa kitu.

"Mbona sijamtaja? Nimesema muuza nyama mmoja wa mtaa wetu."

Mtaa wetu una muuza nyama mmoja tu, na bucha lake linatazamana na saluni yetu.

Siku ya kwanza watu walicheka. Siku ya pili wakaanza kuulizana kwa nini mwenye bucha hali nyama ya bucha lake. Mara mama wa mapacha akasema hata yeye juzi alisikia harufu. Wiki haijaisha, akina mama wanapita na vikapu vyao kwenda kununua sokoni, na muuza nyama kasimama mlangoni na aproni safi, hana wa kumkatia. Mume wangu akaandika tena kueleza kwamba nyama ni nzuri kabisa. Hapo ndipo alipoharibu zaidi, maana hata ambao hawakuwa wamesikia wakasikia.

Muuza nyama hakuja kugomba. Afadhali angegomba. Jumamosi ilipofika akaenda kunyolewa huko kituo cha mabasi. Wengine nao wakashika adabu. Waliendelea kuja, maana nywele hazisubiri, ila walikuja wamefunga midomo. Mwalimu mstaafu, ambaye zamani alikuwa akinyolewa dakika chache halafu anakaa mpaka chai ya pili, sasa alikuwa anatazama ukuta. Ukimuuliza habari za nyumbani, nzuri, basi. Saluni ikabaki na mlio wa mashine peke yake.

Mume wangu akakonda. Blogu ikalala, maana aandike nini, na kwa kibali cha nani? Jioni alikuwa anakaa mlangoni akitazama bucha upande wa pili.

"Nimempoteza yule," aliniambia.

Nilimhurumia, na papo hapo nilitamani kumzaba kibao.

Basi shetani akanipitia. Mchana mmoja, baada ya kula, mume wangu alilala na simu akaiacha mezani. Neno lake la siri ni jina analoniita tukiwa wawili, na siwaambii ng'o. Nikafungua blogu nikaandika habari za kinyozi mmoja wa mtaa wetu. Nikasema kinyozi huyo hunyolewa na mkewe, jikoni, mlango umefungwa, kwa sababu anaogopa wembe. Nikasema hufumba macho na kushika upindo wa gauni la mkewe, na wembe ukikaribia sikio anaomba maji ya kunywa. Yote kweli tupu, sikutia chumvi. Nikatuma, nikarudi kwenye suruali ya watu niliyokuwa napunguza.

Alipoamka, simu ilikuwa haipumui kwa maoni. Alisoma amesimama katikati ya chumba, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Akaniuliza nimemfanya nini mbele ya watu. Nikamwambia mbona sijamtaja.

Mara tukasikia vicheko mbele. Mwalimu mstaafu alishafika, na mama wa mapacha, na fundi viatu na nyundo yake. Nyuma yao, akivuka barabara na aproni yake, alikuja muuza nyama. Vicheko vikapungua. Hakumsalimia mtu ila mimi.

"Shemeji, hayo ya jikoni umeandika wewe tu. Ni kweli?"

Nikamjibu ni kweli. Akakikung'uta kiti kwa taulo, akamgeukia mume wangu.

"Kaa."

Mume wangu akakaa. Nikaona vidole vyake vinalitafuta gauni langu, nami nikajikaza nisisogee. Muuza nyama akamfunga shuka, akajaribu wembe kwa kidole gumba, akaguna kwa dharau kama anavyoguna mtu wa visu, akaanza. Mkono wake ni mwepesi, lazima nikiri. Mume wangu akafumba macho, na kama wote wanaokaa pale, akatoa ya moyoni.

"Nilitaka kuchekesha watu, nikakuuza wewe. Nimekuharibia kazi. Humu ndani bila wewe hamkaliki. Nisamehe, ndugu yangu."

"Usitikisike," alisema muuza nyama. "Niko shingoni."

Alipomaliza, upande mmoja wa nywele ulikuwa juu kuliko mwingine, na hakuna aliyejali. Mama wa mapacha aliuliza, macho chini, kama bucha liko wazi. Akajibiwa liko wazi kwa wote ambao harufu imewatoka puani. Kisha muuza nyama akainama akamnong'oneza mume wangu kitu sikioni, kirefu, na wote wawili wakacheka mpaka machozi.

Blogu imeamka. Siku hizi, kabla ya kumwandika mtu, mume wangu anamfuata aliko na kumsomea, na akikataliwa anafuta, ingawa uso unamshuka. Mwalimu amerudia chai yake ya pili. Lakini lile la sikioni halijaandikwa, wala mimi mke wake wa ndoa, niliyewapatanisha, sijaambiwa. Nimembembeleza, nimenuna, nimejifanya silitaki tena. Jana nilimshika kichwa jikoni, wembe mkononi, nikamuuliza kwa upole kabisa. Akashika upindo wa gauni langu, akaomba maji ya kunywa.

"Siwezi, mke wangu," akaniambia. "Wewe unaandika."