Wanja wa mama mkwe na macho mekundu ya dada Zuhura

Wakuu, habari za humu. Wadogo zangu, marahaba kabla hamjaniamkia. Umri wangu unatosha kuikumbuka Tabora ya Mwingereza, na haya niliyaona kwa macho yangu, ambayo nayo yaliwasha wiki ile.

Dada yangu Zuhura alikuwa anaolewa na kijana wa Ujiji. Harusi imekaribia, akaamka kope zimegandana kwa tongotongo, macho mekundu, yanakereketa kama yametiwa mchanga.

Nyumba haikutulia. Shangazi akataka yatiwe maziwa ya mzazi. Jirani akaleta asali ya Sikonge. Mama akampeleka zahanati.

Dresa, ndivyo tulivyomwita mhudumu wa zahanati enzi hizo, akampa dawa ya kupaka. Akasema anawe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na kitambaa kiwe chake peke yake.

Kisha akauliza wanja tunapakaje.

Tukamwambia: kijiti kimoja, nyumba nzima, na wageni. Akasema ugonjwa unapita hapo hapo, jicho hadi jicho.

Tukakitupa. Lakini gari moshi lilikuwa njiani kutoka Kigoma, na ndani yake mama mkwe, Bi Salama. Kwao, mama mkwe humpaka bibi harusi wanja kwa kijiti chake, kisha hujipaka yeye. Kumkatalia ni kumtukana.

Shangazi alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Akamsihi Zuhura anyamaze, afumbe macho, yaishe.

Bi Salama akaingia, akakaa mkekani, akafungua kichupa chake. Akachovya kijiti, akakielekeza jichoni mwa Zuhura.

Zuhura akarudisha uso nyuma.

"Mama, naumwa macho. Kijiti hiki kikinigusa, kesho utaamka kama mimi."

Shangazi akajifunika kanga.

Bi Salama akakishusha kijiti. "Ningejua kesho," akasema, "kumbe mwenzangu ulijua tangu leo." Akafunga kichupa, akamwekea mapajani. "Kaa nacho, mwanangu. Utajipaka ukipona."

Harusini wanawake wote walikuwa na wanja, isipokuwa wawili waliokaa bega kwa bega.

Nilichojifunza: macho mekundu mengi hupona kwa usafi na subira. Yakiuma sana, mwanga ukiyachoma, uoni ukififia, au akiugua mtoto mchanga, kimbilieni hospitali. Na kusema mapema si utovu wa adabu.

Je, kwenu kijiti bado kinazunguka? Semeni, nasoma yote.

Kichupa kile Zuhura aliniachia. Ukija kwangu nitakuonyesha. Kutazama tu.