Sababu ya Kumwondoa Quinter

Jael Khalayi hakuwa mwoga. Mwaka wa tisini na mbili alimfukuza mwizi wa ng'ombe kwa mwiko, na mpaka leo mwizi huyo hakanyagi Lubao siku ya soko. Nayasema haya mapema msije mkamcheka. Mimi ni jirani yake, na mwaka wa tisini na saba nilimwona mwanamke huyo huyo akitetemeka kwa sababu ya kompyuta.

Kazi yake ilikuwa ya chuo kikuu. Alizunguka nyumba kwa nyumba na fomu, akiandika watoto waliougua malaria, na kila Ijumaa akaenda mjini Kakamega, kwenye chumba kilichokodiwa na chuo, kuwaingiza kwenye kompyuta. Alipiga chapa kwa kidole kimoja na akajiona mtu. Akina mama walimpenda kwa jambo moja: hakuwahi kumuuliza yeyote ana watoto wangapi. Kwetu mtoto hahesabiwi, maana ukimhesabu umekionyesha kifo njia. Jael aliuliza majina tu, na hesabu akaifanya kimyakimya akifika kwake.

Kisha Dakta Osundwa, mhadhiri mwenye mradi, akaamua wananchi waonyeshwe kazi yao. Nia yake ilikuwa njema. Simlaumu sana, namlaumu kidogo. Alileta kompyuta kanisani pamoja na jenereta, akamwambia Jael achague nyumba moja ya mfano. Jael akachagua ya rafiki yake Nabwire, kwa kuwa fomu yake haikuwa na doa. Maandishi ya kijani yakatokea, naye Dakta akayasoma kwa sauti ya mahubiri: "Nabwire, watoto watano!"

Kanisa zima likanyamaza. Dakta akadhani tumevutiwa.

Siku ya nne Quinter, kitinda mimba wa Nabwire, mtoto wa miaka mitatu, akashikwa na homa. Alipewa dawa, homa isishuke. Nabwire alikuja kwa Jael asubuhi, nami nipo pale nachambua mboga.

"Mama Alice," alisema, akimwita kwa jina la bintiye, "wewe ulikuwanga unatuuliza majina tu. Sasa huyo mtu amesoma watoto wangu kama mbuzi za soko. Toa Quinter kwa hiyo mashini. Leo."

"Nitamtoa."

"Ukikosa, mtoto akienda, usikuje kwa matanga."

Jael hakungoja Ijumaa. Alikwenda mjini, akaketi peke yake mbele ya kompyuta, akalipata jina na kubonyeza kitufe cha kufuta. Kompyuta ikadai sababu. Moja, amekufa. Mbili, amehama. Akabonyeza mbili. Ikakataa: mtoto mdogo hawezi kuhama bila mama yake. Ikabaki moja.

Aliniambia baadaye kwamba aliisoma ile moja mara mbili. Alikuwa amekuja kumwokoa mtoto, na sasa njia pekee ilikuwa kumwandika maiti. Akimwambia Dakta, angeulizwa kwa nini anaharibu utafiti kwa ushirikina, na kazi ingekwenda. Akirudi mikono mitupu, atamtazamaje Nabwire? Akafumba macho, akabonyeza moja. Jina likapotea.

Baada ya siku mbili homa ikashuka. Nabwire akamletea Jael jogoo, na Jael hakumgusa. Kila aliposikia Quinter amekohoa, alikwenda kwao kuchungulia. Nilimtania kwamba amekuwa polisi wa homa, wala hakucheka.

"Niliandika mtoto wa watu amekufa, na bado anacheza," aliniambia. "Naogopa siku hiyo maneno itamfikia."

Asichokijua, na ambacho hakuna aliyejisumbua kumfundisha, ni kwamba kila mwezi kompyuta ile ilitoa orodha ya watoto waliokufa, ili watafiti waende kutoa pole na kumuuliza mama jinsi mtoto alivyofariki.

Wakaja Jumanne, Dakta Osundwa na muuguzi, na kilo mbili za sukari. Walimchukua Jael awasindikize bila kumwambia ni kwa nani, nami nikafuatana nao. Tulipokata kona ya kwa Nabwire, Jael akasimama, nikamshika mkono.

Dakta akavua kofia. "Mama, tumekuja kukupa pole kwa ajili ya Quinter."

Quinter alikuwa amesimama mlangoni, tonge la obusuma, ugali wetu, mkononi, akiwatazama wageni.

Nabwire alimtazama mtoto, akaitazama sukari, kisha akamgeukia Jael. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mama Alice, uliwaandikia nini?"

Dakta alikuwa ameshaanza kusema huenda ni kosa la kompyuta. Jael angeweza kuunga mkono uongo huo, nasi sote tungeupokea.

"Niliandika amekufa," akasema.

Nabwire akamwinua mtoto, akaingia naye ndani, akaweka komeo. Dakta na muuguzi wakaondoka. Nilimvuta Jael twende nyumbani, akakataa. Aliketi chini pale uani, mgongo ukutani, akisikiliza kama mtoto bado anaongea.