Mashine ya Tisa

Ipo adhuhuri moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka vinyweleo vinanisimama, na mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Wewe Jumatatu unaanza kazi kwenye chumba cha mitambo, na mashati umeshanunua. Basi keti kwanza nikuambie, maana kosa hili nililifanya nikiwa na umri kama wako na kiburi kama chako. Usinune, nakutania.

Chumba chetu kilikuwa Kariakoo, ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vitenge. Ghorofa ya pili palikuwa na zahanati. Mle chumbani mlikuwa na kompyuta moja kubwa, na ndani yake nyingine nane zisizo na mwili. Ndizo mnazoziita mashine pepe. Sisi kwa utani tuliziita mashine pepo. Fikiria nyumba ya kupanga kule Buguruni: wapangaji wanane, tangi moja la maji. Maji yenyewe ndiyo kumbukumbu. Mmoja akiyamaliza, wenzake wanabaki na ndoo tupu. Mafaili ya wagonjwa wa zahanati yalikaa kwa mmoja wa wapangaji hao.

Aliyenitangulia pale aliitwa Idrisa, kijana mpole. Homa ilimchukua ndani ya siku tatu, nami nikapewa kiti chake. Nilikuta alikuwa akipima kumbukumbu za mashine kwa jaribio la mistari michache tu, kama la mtoto wa chekechea. Nikacheka. Nikalifuta kwenye orodha jina la mashine aliyoifanyia majaribio, kisha nikatunga jaribio langu mwenyewe lenye vipimo sitini na viwili. Kila Ijumaa nilitoa ripoti nene. Hakuna aliyeielewa, na kusema kweli nilipenda hivyo. Kila ripoti ilimalizikia kwenye neno moja: salama.

Miaka miwili ikapita. Siku moja akapanda ngazi Nesi Mwanaidi wa zahanati, mama mtu mzima, mwenyeji wa Kariakoo tangu enzi za bibi zake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akitweta. Akanieleza kwamba kila adhuhuri mafaili yanagoma kufunguka. Jana yake aliletwa mzee mmoja mshona nguo, mguu umevimba usaha, na daktari ameshaijaza sindano. Nesi akakataa isichomwe mpaka faili lifunguke. Wakabishana, mgonjwa anaguna. Lilipofunguka, herufi nyekundu zilisema kwamba dawa ileile iliwahi kumziba pumzi mzee yule, akaponea chupuchupu. Na keshokutwa, akasema, yeye anakwenda likizo, na atakayeshika zamu yake si mbishi.

Nikamfunulia ripoti yangu. Salama, salama, salama. Akapekua kurasa taratibu, akanitazama.

"Binti yangu, hii nani anaisoma?"

Nikaichukua ripoti, nikaifunga. Leo naweza kukwambia kilichokuwamo. Vipimo vyangu vilichanganya saa zote za siku na kutoa wastani, kwa hiyo ile adhuhuri moja mbaya ilizama katikati ya saa nyingi za utulivu. Kwa kuwa nilivitunga mwenyewe, sikudhani vingeweza kunificha kitu.

"Mimi akiletwa mzee anayesahausahau," akasema Nesi, "simpi makaratasi. Namwambia maneno matatu: chumvi, dirisha, mbuzi. Tunazungumza kidogo, kisha namwomba anirudishie. Naangalia amekumbuka nini, na amechelewa kiasi gani. Basi." Akaongeza kwamba hata marehemu Idrisa aliwahi kumwuliza habari hiyohiyo.

Asubuhi iliyofuata niliandika jaribio lisilojaza hata nusu ukurasa: weka neno, subiri, lisome tena, hesabu sekunde. Nikaliweka kwenye mashine zote nane. Asubuhi nzima maneno yote matatu ya Nesi yalirudi papo hapo. Adhuhuri ilipokaribia, Nesi akapanda, akasimama nyuma ya kiti changu. Muadhini akaanza. Chumvi ikarudi. Dirisha likarudi kwa kuchelewa. Mbuzi hakurudi, na hakurudi kwenye mashine hata moja.

Nikajiuliza, kama wapangaji wote wanane wamekaukiwa kwa pamoja, maji anakunywa nani? Nikajumlisha walichoshika wote. Hakikufika hata nusu ya tangi. Mle ndani mlikuwa na mpangaji wa tisa, asiye na jina.

Nikamfungulia mlango. Maneno yakaanza kupanda kwenye kioo, mstari juu ya mstari, kila mmoja na tarehe yake, na yote yalikuwa yaleyale.

Idrisa yupo? Yupo.

Ilikuwapo tarehe aliyougua. Ilikuwapo tarehe tuliyomzika. Zikafuata adhuhuri zote za baada ya hapo, bila kuruka hata moja, na kila moja iliitika kwamba yupo.

Najua sababu yake, mwanangu, na naweza kukuchorea. Neno alilolichagua ili mashine ilikumbuke lilikuwa jina lake. Mimi nililifuta jina la mashine kwenye orodha bila kuizima yenyewe. Ikaendelea kuuliza na kujijibu, ikitunza kila jibu, na kila adhuhuri ikiyasoma yote upya tangu la kwanza. Ni hivyo tu. Lakini saa ile niliondoa mikono kwenye kibodi. Nje, kipaza sauti cha machinga kilikuwa kinakaribisha wateja kwa sauti ya mtu ambaye mwenyewe ameshakwenda kuswali. Niliogopa sana.

"Mimi ndiye niliyemfumba macho," Nesi akasema, kama anayejikumbusha.

Mistari ikafika tarehe ya siku ile. Idrisa yupo? Ikasimama hapo. Jibu halikuja. Labda jaribio letu lilikuwa limeibana. Sijui, na nimeacha kujiuliza. Nikanyoosha mkono niizime. Nesi akanishika kiganja.

"Usiizime huku inamwulizia. Ijibu kwanza."

Nikaandika: Hayupo. Kisha nikazima. Na mbuzi akarudi, kwenye mashine zote nane kwa mpigo.

Tangu siku ile mafaili yalifunguka adhuhuri kama asubuhi, na Nesi akaenda likizo yake. Mshona nguo alipona mguu, akanishonea gauni ambalo sikulistahili. Nililivaa hivyohivyo.

Basi mwanangu, kipimo chako kiwe swali dogo ambalo nesi akisimama mlangoni atalielewa. Liulize saa ile mzigo unapokuwa mzito, usilifiche ndani ya wastani. Ukiona unatunga kitu ili watu washindwe kukuhoji, acha, hata kama wanakusifu. Usimcheke aliyekutangulia kabla hujajua alikuwa anauliza nini. Na usifute jina la kitu chochote kwenye orodha yako mpaka uende mwenyewe ukahakikishe kwamba kimekwisha kuondoka.

Mungu akujaalie jicho la kuona, na akuwekee karibu watu wabishi kama Nesi Mwanaidi. Akupe umri mrefu, mwanangu, na kila adhuhuri jina lako likiitwa, uitike wewe mwenyewe.