Matone ya Daudi

Harufu ya mafuta ya samaki ikinikuta popote, moyo hunienda mbio. Juzi ilinikuta dukani hapa Toronto, nikaacha kapu langu palepale nikatoka. Leo nawaambia ninyi, maana nyumbani sijawahi kumwambia mtu.

Nilikuwa na miaka minane. Tuliishi ghorofa ya kumi na nne, mtaa wa St. James Town hapahapa Toronto: mama, mimi, mdogo wangu Daudi wa miaka miwili, na bibi mzaa mama, aliyekuja kutoka Morogoro kutulea mama akiwa kazini. Daudi alikuwa akiharisha wiki nenda wiki rudi, amebaki macho na masikio. Daktari alisema amepungukiwa vitamini A, na ukuta wa utumbo wake umedhoofika, unapitisha visivyopaswa kupita. Akaandika matone mawili kila asubuhi. Yalinuka samaki.

"Mawili tu," mama alituonya, akakiweka kichupa juu ya friji.

Mimi niliposikia ukuta niliona ukuta kweli, wenye nyufa. Matone mawili yangeziba nini? Kila nikirudi kutoka shule, bibi akiwa bafuni anafua, nilipanda kiti nikamimina kijiko kizima. Daudi alifungua kinywa mwenyewe, akacheka. Nilijiona daktari bingwa.

Mwanzoni kuharisha kulipungua, nami nikazidi kujivuna. Kisha midomo yake ikapasuka. Viganja vikachunika. Nywele zikawa zinabaki kwenye mto, na pazia likifunguliwa alilia akishika kichwa.

"Mbona dawa inaisha upesi hivi?" mama aliuliza siku moja, akitikisa kichupa.

"Chovya chovya humaliza buyu la asali," bibi akatania, akinitazama mimi.

Hofu iliniingia. Kesho yake nikampa tena, ili apone kabla hawajagundua.

Asubuhi ya Jumamosi alitapika mfululizo, kichwa hakiinuki. Hospitalini daktari alivitazama viganja vyake, akasema vitamini hii ikizidi mwilini huwa sumu. Nani anampa, na kiasi gani? Mama akatugeukia, akatuuliza kwa Kiswahili.

"Not me," nikasema, yaani si mimi, kama watoto wa huku tulivyozoea kujibu.

Bibi hakujua Kiingereza, ila alinijua mimi.

"Ni mimi, mwanangu," akamwambia mama. "Kwetu kliniki wanawakamulia watoto kapsuli nzima ya vitamini hii. Nikaona matone mawili hayatoshi."

Mama hakugomba. Alimkatia tiketi tu. Daudi alipona, bibi alirudi Morogoro, hakuitwa tena, akafia huko bila kutuona.

Utotoni nilidhani ameniepusha na viboko, basi. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba alikubali kutukosa sisi, wajukuu wake, na kupoteza jina lake jema pia, ili mimi nibaki mtoto mwema. Krismasi iliyopita Daudi alimsimulia mchumba wake jinsi bibi alivyokaribia kumuua. Wote mezani wakacheka. Mama akanipitishia bakuli la wali, nami nikapakua.