Mama Vyombo na Visahani Sita

Mke wangu aliosha vyombo vya maabara miaka kumi na tisa. Walimwita Mama Vyombo, naye aliitika.

Wataalamu wa pale walifuga salamanda. Ni mnyama kama mjusi, ngozi ya chura, sura ya mtu aliyeamshwa kabla ya kushiba usingizi. Ukimkata mkono, unaota mwingine. Walichukua kipande cha nyama ya mkono unaoota, wakakilaza kwenye kisahani cha kioo chenye maji ya lishe, kisha wakahesabu seli zinavyojigawa. Moja mbili, mbili nne. Watu wazima hao, na ndevu zao.

Akaja bosi mpya, kijana. Mwezi wake wa pili seli zikagoma kujigawa, zikafa. Akamwita mke wangu mbele ya watu.

"Mama, sabuni inabaki kwenye visahani. Ijumaa ndiyo siku yako ya mwisho."

"Mwanangu, nani aliniambia nisuuze mara tatu tu?"

"Mimi. Maji yanapotea bure."

"Zamani nilisuuza mara kumi na mbili, na hazikufa."

"Seli haziendi kwa mazoea, mama."

Nyumbani hakulia. Alinitukana mimi, kwa kuwa bosi hakuwepo. Kazi ile ndiyo iliyotulisha. Mgongo wangu ulistaafu kabla yangu.

Kesho yake alisuuza visahani sita mara kumi na mbili, akavitia nukta ya rangi ya kucha chini, akavichanganya na vingine. Kimya.

Ijumaa bosi akainamia hadubini. Visahani sita vimejaa seli. Vilivyobaki, makaburi matupu. Akavigeuza, akaona nukta.

"Nani kaweka hizi?"

"Uliyemfukuza," akajibu mke wangu.

Watu wakacheka. Bosi akakohoa. Kuomba radhi hakuomba, neno lile halipiti koo la mkubwa. Alisogeza kiti tu.

"Suuza unavyojua, mama. Njoo uangalie."

Siku hiyo alichelewa kurudi. Nilikuwa nimenuna.

"Wamekufukuza?"

"Wanifukuze nani awaoshee? Nilikuwa naangalia seli moja ikiwa mbili. Inachukua muda, mume wangu! Nimegoma kuondoka mpaka imalize."

"Na tumbo langu limeshikana na mgongo."

Akacheka, akawasha jiko.

Nimemzika miezi minne iliyopita. Sikuwahi kumuuliza ilionekanaje.