Majuma Tisa Kando ya Jiko la Mjerumani

Katika miaka ya tisini, nilipokuwa Brussels nikiandika tasnifu ambayo haikuwa na haraka ya kuandikwa, nilipewa kazi ya kusimulia maisha ya mchoraji na mchongaji mmoja Mjerumani. Mama mmoja mwenye ukumbi wa maonyesho alitaka kurasa kumi na mbili za kutangulia kitabu cha picha za kazi zake. Alinichagua mimi kwa sababu natoka Bukavu, na aliamini kwamba mtu wa Kongo huzaliwa akijua habari za vinyago. Sikumsahihisha. Kinyago changu cha kwanza nilikiona katika jumba la makumbusho la Tervuren, nje ya Brussels, nyuma ya kioo, kwa tiketi ya mwanafunzi.

Nilikuwa sijawahi kuchapishwa popote. Kurasa hizo zingetoka, ningekuwa mwandishi. Zisingetoka, ningebaki yule mtu wa miaka thelathini na mbili anayelala sebuleni kwa mama yake mdogo kule Berchem. Na nilikuwa nimeshawatangazia watu wote wa kanisani.

Mzee alifanyia kazi katika ghala kuukuu la Anderlecht, karibu na mfereji. Alikuwa anakaribia miaka sabini, mrefu, vidole vimekauka kwa chokaa. Alinunua mihimili ya nyumba zilizobomolewa, akaiunganisha kwa gundi mpaka ikapata umbo la watu waliosimama vibaya, akaipaka chokaa, kisha akaikwangua karibu yote. Picha zake nazo alizifanyia hivyo hivyo: kupaka rangi siku tatu, kukwangua siku ya nne. Siku ya kwanza nilimsalimu kwa kumwita papa, kama tunavyowaita wazee wote, naye akageuka kutazama nani mwingine kaingia. Nikakaa nilipoonyeshwa, juu ya sanduku kando ya jiko la kuni. Nikafungua daftari, nikasubiri.

Hapa lazima nieleze malezi yangu, maana ndiyo yaliyoniponza. Kwetu mzee humuulizi alizaliwa lini, wala mkewe yuko wapi, wala kwa nini aliacha kazi fulani. Unakaa karibu naye, unamsaidia. Akiona una adabu, siku moja ataanza mwenyewe. Ndivyo nilivyozipata habari zote za babu yangu. Babu, nakumbuka sasa, alikuwa msemaji sana.

Mjerumani hakuanza. Alisema "Shika hapa," nami nikashika mhimili mpaka gundi ikashika. Alinipa kahawa. Nilipoanza kuchafuka aliniazima koti la kazi. Majuma yakapita, na daftari langu likawa na mambo matatu: kwamba hatii maziwa katika kahawa, kwamba hupiga mluzi akikwangua, na kwamba juu ya rafu ya patasi kuna picha ndogo ya mwanamke. Picha hiyo niliitazama kwa adabu kubwa, yaani kwa pembe ya jicho.

Jioni nilihojiwa mimi, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, ambamo wazee ni bazee na Kifaransa hakikosi nafasi. Mama mdogo alifanya kazi ya kuwaosha na kuwalisha wazee katika nyumba moja ya wazee huko Laeken.

"Alafu? Leo muzee alisema nini?"

"Alisema nishike mbao."

"Donc uko fundi sasa."

"Maman, kazi hii yahitaji uvumilivu." Kiswahili cha vitabuni nilikitumia kila nilipoona nashindwa.

"Uvumilivu ya nini? Mimi naoshaka bazee ba huku kila siku. Kama haubaulize kitu, banawaza haubapende. Muulize: bibi yako alikufa lini? Atalia kidogo, alafu atakuelezea mpaka bus ikupite."

"Siwezi kumuuliza mtu mzima habari za mkewe hivyo."

"Bon. Endelea kushika mbao."

Mimi nilikuwa na shahada mbili, yeye alikuwa na cheti cha huduma ya kwanza. Sikumsikiliza.

Juma la tisa, yule mama wa ukumbi alipiga simu kuulizia kurasa zake. Nilimwambia kazi imefika mahali pazuri. Kesho yake akamtuma ghalani mwandishi wa gazeti, msichana wa Kibelgiji, "akusaidie kidogo." Msichana aliingia, akaweka kinasa sauti juu ya benchi la kazi, na kabla hajavua koti akanyoosha kidole kwenye rafu: "Huyu nani?"

Nilikuwa nimeshika mhimili. Nilitamani uniangukie.

Mzee aliweka patasi chini, akaketi. Nilikuwa sijawahi kumwona ameketi. Alisema ni mkewe, kisha akaendelea. Baba yake alikuwa seremala wa majeneza katika kijiji cha mashariki ya Ujerumani. Yeye alijifunza kuandika mabango ya maduka. Alivuka na mkewe kwenda magharibi kabla ukuta wa Berlin haujajengwa, mizigo yao ikiwa brashi na sufuria moja. Huko picha alizochora kwa rangi ya kijivu zikampa jina, kisha mke akafariki, naye hakugusa brashi miaka saba. Aliporudi kazini alianza na mbao, kwa kuwa mbao alizijua tangu utotoni, na alihamia Brussels kwa kuwa hapa hakuna aliyemjua mkewe. Haya yote kwa dakika arobaini. Sikuandika hata neno, maana gundi ilikuwa bado mbichi.

Kitabu kikatoka na kurasa kumi na mbili za msichana. Zilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Nilirudi ghalani mara moja tu, kurudisha koti. Hapo ndipo nilipouliza swali langu la kwanza na la mwisho.

"Papa, mbona mimi hukuniambia?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Hukuniuliza. Ulikaa kando ya jiko kila siku. Nilidhani unapoishi hakuna moto. Sikutaka kukuaibisha kwa kukuuliza."

Kusema kweli, radieta ya kupasha joto sebule yetu ilikuwa imekufa tangu Novemba. Nililitundika koti kwenye msumari wake, nikaondoka. Jioni nilimwambia mama mdogo kwamba kitabu kimeahirishwa.

Akauliza mpaka lini.