Sufuria Zilizokataa Kuchemka

Mama Uji alikuwa amewapikia wagonjwa wa hospitali ile miaka ishirini na miwili. Jumatatu moja alikuta majiko yake ya gesi yameng'olewa, na mahali pake pamewekwa majiko ya umeme ya kioo. Akabandika sufuria, akasubiri. Maji yalibaki baridi kama ya mtungini.

Meneja akaingia. "Saa mbili hii na uji hakuna? Mama, umezeeka, kazi imekushinda!" alifoka mbele ya wapishi wote.

Mama Uji alibandua sumaku kwenye friji, akaiweka ubavuni mwa sufuria. Ikaanguka. Akaiweka kwenye kikaango cha chuma, ikanata.

"Jiko hili halina moto, mwanangu. Linapasha chombo chenyewe, na lazima kiwe kinashika sumaku. Sufuria zetu zote ni za alumini. Kabla ya kununua, ulimuuliza mpishi gani?"

Siku ile uji ulipikwa uani kwa mkaa, wagonjwa wakaunywa saa tano.

Jioni meneja alimwita Mama Uji ofisini, akafunga mlango, akamwomba radhi.

"Ulinitukana jikoni, mbele za watu," Mama Uji alimjibu. "Njoo uniombe radhi hukohuko."

Kesho yake asubuhi, akaja.